Sheria ya Jinai na Ulinzi wa Wahudumu wa Dharura na Wadhulumiwa katika Beni na Butembo, 2013–2022

1.0 Utangulizi

Miji ya Beni na Butembo imo katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wakazi wake wengi ni Wanande, ambao nyumbani husema Kinande, na sokoni na barabarani hutumia Kiswahili pia. Butembo ni mji wa wafanyabiashara. Beni ni mji wa njia panda, baina ya msitu wa upande wa Ituri na mpaka wa Uganda. Tangu 1 Agosti 2018 hadi 25 Juni 2020 miji hiyo miwili na vijiji vinavyoizunguka ilikuwa kitovu cha mlipuko wa Ebola uliohesabiwa wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Huo ulikuwa mlipuko wa kumi nchini Kongo tangu ugonjwa huo utambuliwe mwaka 1976, na wa pili kwa ukubwa duniani baada ya ule wa Afrika ya Magharibi wa miaka ya 2014 hadi 2016.

Pamoja na ugonjwa kulizuka jambo jingine. Watu waliokuja kuuguza, kuchanja na kuzika walipigwa mawe, walichomewa vituo, na baadhi yao waliuawa. Swali lililozuka hapo ni la kisheria na pia la kihistoria: je, sheria ya jinai yaweza kumlinda mtu ambaye kazi yake ni kuwaokoa wengine? Nchi kadhaa zimelijibu swali hilo kwa kuongeza adhabu. Uingereza ilipitisha mwezi Septemba 2018 sheria maalumu juu ya kuwashambulia wahudumu wa dharura, ikaongeza kifungo cha juu kwa shambulio la kawaida kutoka miezi 6 hadi 12. Mwaka 2022 kikaongezwa tena hadi miaka 2. India nayo, tarehe 22 Aprili 2020, ilirekebisha sheria yake ya magonjwa ya kuambukiza ya mwaka 1897, na kumwekea anayemjeruhi vibaya mhudumu wa afya kifungo kinachoweza kufika miaka 7.

Makala haya yanaichunguza historia ya Beni na Butembo kwa kuitazama sheria katika pande zake mbili: ulinzi wa wahudumu na ulinzi wa waliodhulumiwa. Hoja yake ni kwamba katika miji hiyo adhabu kali haikukosekana hata siku moja. Kilichokosekana ni sheria iliyowatazama mhudumu na mwananchi kuwa watu wa upande mmoja. Pale pande hizo mbili zilipotenganishwa, ulinzi wa kila mmoja ulidhoofika.

2.0 Urithi wa Sheria ya Kikoloni

Kanuni za Adhabu za Kongo zina asili yake katika dekrii ya 30 Januari 1940, wakati nchi ilipokuwa chini ya Ubelgiji. Zimefanyiwa marekebisho mara nyingi, lakini sura yake ya msingi imebaki. Katika kanuni hizo, kuua, kujeruhi na kuchoma nyumba ni makosa makubwa, awe aliyetendewa ni nani. Juu ya hayo, upo ulinzi wa pekee kwa wenye mamlaka: kumtukana mtumishi wa serikali akiwa kazini, au kumpinga kwa nguvu, ni makosa yanayojitegemea. Kwa hiyo mtu wa kwanza kupewa ngao maalumu na sheria hiyo alikuwa mwakilishi wa dola. Muuguzi, mzikaji na dereva wa gari la wagonjwa hawakutajwa kwa kazi zao.

Jambo hilo halikutokea kwa bahati. Katika Kongo ya Kibelgiji tiba ya umma na amri ya serikali zilikwenda pamoja. Katika miongo ya kwanza ya karne ya 20, kampeni dhidi ya malale ziliendeshwa kwa nguvu ya sheria: watu walipimwa kwa lazima, waliougua walitengwa kambini, na safari zikahitaji kibali cha afya. Mwananchi alimwona mganga wa serikali akija pamoja na askari, na kumkataa mmoja kulikuwa kumkataa mwingine. Si lazima kudai kwamba wakazi wa Butembo wa mwaka 2019 walikuwa wakiikumbuka malale. Inatosha kuona kwamba mpango ule, wa tiba inayosindikizwa na silaha, haukuwa mgeni katika nchi hiyo.

Baada ya vita vya miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000, sheria iliongezewa tabaka jipya. Kongo iliridhia Mkataba wa Roma wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2002, na kwa sheria nambari 15/022 ya 31 Desemba 2015 makosa ya mkataba huo yaliingizwa katika Kanuni za Adhabu za nchi. Tangu hapo, kushambulia kwa makusudi watumishi wa tiba wenye alama za Mikataba ya Geneva, au watumishi wa misaada ya kibinadamu, kunaweza kuhukumiwa kuwa kosa la jinai ya kivita. Lakini kosa hilo lina sharti: ni lazima tendo lihusiane na mapigano ya silaha. Mpiganaji anayevamia zahanati aweza kuingia humo; kijana wa mtaani anayerushia jiwe gari la chanjo ni vigumu kuingia.

Hivyo basi, kufikia mwaka 2018 sheria ilikuwa na ngazi mbili za ulinzi wa pekee: ya chini, iliyomlinda mtumishi wa dola, na ya juu, iliyomlinda mhudumu katika vita. Kati ya ngazi hizo alisimama mhudumu wa kawaida, mara nyingi mwenyeji wa mji uleule, aliyekuwa akishambuliwa na majirani zake. Huyo alilindwa na sheria ya kila raia tu, katika mazingira ambamo raia mwenyewe alikuwa hajalindwa.

3.0 Kabla ya Ebola: Kamango na Eringeti

Ni kosa kudhani kwamba mashambulio dhidi ya wahudumu yalianza na Ebola. Tarehe 11 Julai 2013 watumishi wanne wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, wote Wakongo, walitekwa Kamango, katika wilaya ya Beni, walipokuwa wamekwenda kuchunguza mahitaji ya afya ya wakazi. Mmoja wao alipata uhuru mwaka 2014. Wenzake watatu hawakurudi. Tarehe 29 Novemba 2015 kundi la ADF, lenye asili ya Uganda, lilivamia Eringeti, kaskazini ya mji wa Beni. Hospitali ya hapo haikusalimika, na wagonjwa walikuwa miongoni mwa waliouawa.

Matukio hayo ni sehemu ya msiba mpana zaidi. Tangu Oktoba 2014 vijiji vya wilaya ya Beni vilishambuliwa usiku baada ya usiku, na watu kwa mamia, kisha kwa maelfu, waliuawa kwa mapanga na kwa risasi. Mahakama ya kijeshi ya operesheni ilikaa Beni mwaka 2014 kusikiliza kesi ya mauaji ya Kanali Mamadou Ndala, aliyeuawa karibu na mji huo tarehe 2 Januari mwaka huo, ikatoa hukumu mwezi Novemba. Kwa mkulima wa Mbau au Oicha tofauti ilikuwa wazi. Kifo cha kanali kilipata mahakama, mashahidi na hukumu katika mwaka uleule, ilhali vifo vya jamaa zake vilihesabiwa, vikazikwa, na wengi wa waliovitenda hawakujulikana.

Hapo ndipo palipojengeka hali ya fikira iliyoikuta Ebola. Wananchi walikuwa wamekwisha kujifunza kwamba dola huweza kukusanya magari, fedha na askari inapotaka. Pesa za Ebola zilipofika, pamoja na magari mapya na walinzi wenye bunduki, swali la kwanza mitaani lilikuwa kwa nini haraka hiyo haikuonekana wakati watu walipokuwa wakichinjwa. Swali hilo halikuwa ujinga wa kuusikitikia. Lilikuwa shtaka dhidi ya dola, ingawa hapakuwa na mahakama ya kulisikiliza.

4.0 Butembo, 2019

Shtaka hilo liliongezewa uzito na siasa. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi mkuu, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba kura za Beni na Butembo zitaahirishwa hadi Machi 2019. Sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola na ukosefu wa usalama. Rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari 2019, kabla ya watu zaidi ya milioni moja wa eneo hilo kupata nafasi ya kupiga kura. Siku iliyofuata tangazo lile, waandamanaji walivamia kituo cha wagonjwa wa Ebola mjini Beni. Tangu hapo ugonjwa, katika macho ya wengi, ulikuwa hila ya kisiasa, na mhudumu akahesabiwa kuwa wakala wake.

Matokeo yalifuatana upesi. Tarehe 24 Februari 2019 kituo cha matibabu cha Katwa, pembeni ya Butembo, kilishambuliwa na kuchomwa moto. Ndugu wa mgonjwa mmoja alipoteza maisha katika vurugu hiyo. Siku tatu baadaye ikawa zamu ya kituo cha Butembo. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, lililokuwa likiviendesha vituo hivyo, lilisimamisha kazi zake hapo. Tarehe 9 Machi kituo cha Butembo kilishambuliwa tena na polisi mmoja akauawa. Kisha, tarehe 19 Aprili 2019, watu wenye silaha waliingia katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo wakati wa mkutano wa wahudumu, wakamuua Dakta Richard Valery Mouzoko Kiboung, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kamerun aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani. Siku chache baadaye wahudumu wa afya wa Butembo waliandamana wakidai usalama, wakitishia kuacha kazi.

Maandamano hayo yanastahili kuzingatiwa na mwanahistoria. Waliotembea barabarani walikuwa wauguzi na madaktari wa hapohapo, wenye watoto katika shule za mji na mashamba katika vilima vya karibu. Hawakuwa na helikopta ya kuwaondoa. Katika maelezo mengi ya mlipuko ule, neno mhudumu limechorwa kwa sura ya mgeni. Ukweli ni kwamba aliyebeba hatari kubwa zaidi alikuwa mwenyeji.

Jumuiya ya kimataifa haikukaa kimya. Azimio nambari 2439 la Baraza la Usalama, la 30 Oktoba 2018, lilikuwa limekwisha kulaani mashambulio na kudai njia salama kwa wahudumu. Kivitendo, njia salama ilimaanisha walinzi wengi zaidi wenye silaha. Tarehe 7 Machi 2019 rais wa kimataifa wa Madaktari Wasio na Mipaka, Joanne Liu, alionya hadharani kwamba matumizi ya polisi na ya nguvu yalikuwa yakiwafukuza wagonjwa badala ya kuwavuta. Mgonjwa aliyeogopa kuchukuliwa kwa nguvu alijificha, na aliyejificha aliambukiza nyumba nzima. Hivyo, njia iliyokusudiwa kumlinda mhudumu ilimwongezea kazi na hatari.

5.0 Mahakama ya Kijeshi

Upelelezi wa mauaji ya Dakta Mouzoko uliangukia mikono ya mwendesha mashtaka wa kijeshi. Sheria za kijeshi za 18 Novemba 2002 ziliwezesha raia pia kufikishwa mbele ya mahakama hizo katika baadhi ya hali, hasa penye silaha za kivita. Makumi ya watu walikamatwa, na mwezi Agosti 2019 ilitangazwa kwamba miongoni mwa watuhumiwa walikuwamo madaktari wa Kikongo. Wenzao walipinga kukamatwa huko.

Mahakama ya kijeshi ina faida zake katika Kivu. Ina askari wa kulinda ukumbi, huweza kukaa mahali ambapo hakimu wa kiraia hathubutu kwenda, na adhabu zake ni kali. Hata hivyo, Katiba ya 18 Februari 2006 iliweka kuwa kanuni kwamba mahakama za kijeshi ni za wanajeshi na polisi, na ikaruhusu kusimamishwa kwa mahakama za kawaida katika hali ya vita, ya dharura au ya utawala wa kijeshi tu. Hali hiyo ya pekee ndiyo iliyotangazwa kwa Ituri na Kivu ya Kaskazini, ikaanza tarehe 6 Mei 2021. Mashauri ya jinai ya raia yakahamishiwa kwa majaji wa kijeshi.

Tokeo la muda mrefu ni kwamba kosa la kumshambulia mhudumu limekuwa, katika mazoea ya eneo hilo, jambo la kambi ya jeshi. Mwananchi aliyetaka kuona haki ikitendeka alipaswa kuitazama katika chombo cha dola ileile aliyokuwa na shaka nayo. Mfano wa Guinea unafaa kulinganishwa hapa. Mwezi Septemba 2014 watu wanane wa msafara wa elimu ya Ebola waliuawa Womey, na mwezi Aprili 2015 mahakama ya Nzérékoré iliwahukumu watu 11 kifungo cha maisha. Hukumu ilikuwa nzito, na ilikuja upesi. Lakini mlipuko wa Guinea, kama ule wa Kivu baadaye, haukuzimwa kwa hukumu. Ulipungua kadiri wazee, viongozi wa dini na waliopona walivyoingia wenyewe katika kazi ya kuuguza na kuzika.

6.0 Waliodhulumiwa na Wahudumu

Historia ya ulinzi wa wahudumu haikamiliki bila kueleza ulinzi dhidi ya wahudumu. Mwezi Septemba 2020 vyombo viwili vya habari vya kimataifa vilitoa maelezo ya wanawake zaidi ya 50 wa Beni waliosema kwamba walitakiwa kimwili na watumishi wa kazi ya Ebola, mara nyingi kwa ahadi ya ajira. Tume huru iliyoongozwa na Aïchatou Mindaoudou, waziri wa zamani wa Niger, na Julienne Lusenge, mtetezi wa haki za wanawake wa mashariki ya Kongo, ilitoa taarifa yake tarehe 28 Septemba 2021. Iliwatambua watuhumiwa 83, na kuthibitisha kwamba 21 kati yao waliajiriwa na Shirika la Afya Duniani wakati wa mlipuko. Miongoni mwa tuhuma yalikuwamo madai ya ubakaji.

Sheria haikukosekana hapa pia. Kwa sheria mbili za 20 Julai 2006, moja ya adhabu na nyingine ya utaratibu, Bunge la Kongo lilikuwa limepanua maana ya ubakaji na kuuwekea kifungo cha miaka 5 hadi 20. Liliagiza upelelezi wa awali ufanyike katika muda wa mwezi mmoja na hukumu itolewe katika miezi mitatu. Liliagiza pia kwamba mdhulumiwa asaidiwe na wakili, na kwamba usalama wake, utu wake na faragha yake vilindwe. Sheria hizo ni miongoni mwa maandishi bora ya nchi hiyo. Lakini tume ile haikuwa mahakama na haikuweza kumfunga mtu. Wengi wa watuhumiwa walikuwa wamekwisha kuondoka Kivu mikataba yao ilipokwisha. Mwanamke wa Beni alibaki na maandishi bora na jina la utani la mtu asiyejulikana aliko.

Ulinganisho ni mchungu. Daktari alipouawa, dola ilipata wapelelezi, mahabusi na mashtaka katika miezi michache. Wanawake walipodhulumiwa, taarifa ilichukua zaidi ya mwaka mmoja baada ya mlipuko kwisha, nayo ilitoka nje ya mfumo wa mahakama za nchi. Haifai kuvipima vifo na dhuluma kwa mizani moja. Lakini mji mzima ulizipima kasi hizo mbili, na ulikuwa na haki ya kufanya hivyo.

Hatua muhimu ilipigwa kwa sheria nambari 22/065 ya 26 Desemba 2022, iliyoweka misingi ya ulinzi na fidia kwa waliodhulumiwa kingono katika migogoro na kwa wahanga wa makosa makubwa dhidi ya ubinadamu. Kabla yake mahakama ziliamuru fidia katika kesi nyingi, na mara nyingi haikulipwa na mtu. Sheria hiyo ililifanya jambo hilo kuwa wajibu wa taifa, kwa njia ya mfuko maalumu. Hata hivyo, imefungamana na migogoro ya silaha na makosa makubwa. Mwanamke aliyedaiwa mwili wake kwa ajili ya kibarua cha kunawisha watu mikono hana hakika ya kuingia humo.

7.0 Lugha ya Sheria

Zipo sababu za kiisimu pia zinazoitenga sheria na watu. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, lakini lugha rasmi ni Kifaransa, na ndicho kinachoandikwa mashtaka na hukumu. Hata kazi yote ya kupambana na Ebola ilijulikana mitaani kwa neno la Kifaransa, riposti, lenye maana ya kujibu pigo. Ni neno la mpigana upanga. Halina ndani yake uuguzi wala huruma.

Kiswahili kinaweza kutoa mchango mkubwa zaidi ya tafsiri. Mtu aliyepatwa na madhara huitwa mwathirika, mhanga au mdhulumiwa, na maneno hayo hayalingani. Mwathirika aweza kuwa wa mafuriko au wa maradhi. Mhanga hubeba fikira ya kafara. Mdhulumiwa humlazimisha msikilizaji kuuliza dhalimu ni nani. Anayeandika sheria ya jinai kwa Kiswahili hana budi kuchagua, na kwa kuchagua atakuwa ameamua kama anasimulia msiba au anatafuta haki. Kwa kigezo hicho, muuguzi wa Katwa aliyechomewa kituo na mwanamke wa Beni aliyetozwa mwili wake ni wadhulumiwa sawasawa.

8.0 Hitimisho

Mjadala wa kuimarisha sheria ya jinai kwa ajili ya wahudumu wa dharura una msingi mzuri: anayemuua mganga humnyima tiba na mgonjwa wa kesho. Lakini historia iliyoelezwa hapa yaonyesha kwamba, katika Beni na Butembo, uimarishaji huo ungekuwa na maana kwa masharti manne. Kwanza, mhudumu atambuliwe na sheria kwa kazi anayoifanya, awe daktari wa kigeni, dereva au mzikaji wa kijijini, na si kwa ukaribu wake na dola. Pili, kesi zake zirudi kwa hakimu wa kiraia kila inapowezekana, mbele ya umma na kwa lugha unayoielewa. Tatu, sheria inayompa mhudumu ngao maalumu impe pia wajibu maalumu, ili anayeitumia kazi hiyo kudhulumu ajue kwamba cheo chake kinaongeza kosa lake. Nne, fidia ihesabiwe kuwa sehemu ya hukumu, si nyongeza yake.

Kati ya masharti hayo, la tatu ndilo gumu, kwa kuwa linagusa mashirika yenye nguvu na watumishi wenye kinga za kikazi. Nalo ndilo lenye uzito kuliko yote. Watu wa Butembo hawakuhitaji kufundishwa kwamba kuua ni dhambi. Walihitaji kuona kwamba anayevaa fulana ya msaada na anayevaa kanga ya sokoni wakisimama mbele ya hakimu, hakimu huyo huwasikiliza wote wawili. Mpaka hilo lionekane, kila mlipuko mpya utamkuta mhudumu akihitaji bunduki ili afike kwa mgonjwa, na mgonjwa akiikimbia bunduki hiyo.